Keki Tisa, Ripoti Sifuri

Hirfryn,
11 Machi 2018

Mwanangu Ieuan,

Mambo ya huko kusini? Mkeo Annest hajambo? Na mjukuu wangu Mabli, bado anang'ata watu? Sisi huku tumeponea chupuchupu na theluji ya wiki iliyopita. Imeua kondoo mmoja na kuliangusha paa la banda la kuku. Goti la baba yako bado linamsumbua, na unavyomjua kaka yangu, ukimuuliza anakuuliza goti gani. Kila asubuhi anakuja jikoni kwangu, anakunywa chai yangu na kunisomea gazeti kwa sauti kana kwamba mimi sikusoma shule.

Haya, salamu zimetosha. Ninakuandikia kwa mkono kwa sababu barua pepe nilizoipelekea ofisi yenu ya usalama wa anga zimejibiwa na mashine. Mara nne! "Asante kwa maoni yako." Maoni gani? Nilikuwa natukana.

Nimeisoma kanuni mpya. Kuanzia Aprili mosi, kila ndege inayoingia bonde letu lazima ipite juu ya mnara wa kanisa la Llanerfan, iite kwenye redio katika masafa mamoja mapya, ijibiwe na mtu aliyeketi kule shule ya urubani, ndipo iendelee. Sisi na glaida zetu zisizo na injini, wale wa ng'ambo ya kilima na vindege vyao vyepesi, na wanafunzi wa shule ya urubani ambao bado wanatafuta mkono wa kulia uko wapi. Viwanja vitatu, mnara mmoja. Hivi huko ofisini mnakunywa nini asubuhi? Glaida haina injini, Ieuan. Haiwezi kuzunguka ikisubiri kujibiwa kama mtu aliyepanga foleni posta. Inashuka tu.

Miaka thelathini na minane ninazivuta glaida angani kwa kamba nyuma ya ndege yangu na sijawahi kugusana hata na njiwa. Unajua kwa nini? Kwa sababu angani watu hutawanyika na kutazama nje. Huyu mpumbavu aliyechora ramani yenu anatuambia tukusanyike na kutazama redio. Nataka jina lake. Wewe umo humo ndani, muulize kama amewahi kukaa kwenye ndege au aliziona kwenye kalenda.

Mbusu Mabli, ila uangalie meno yake.

Shangazi yako,
Nesta


8 Aprili 2018

Shikamoo Shangazi,

Barua yako ilifika, na jamu pia, chupa moja ikiwa imepasuka. Annest ameilamba ile iliyomwagika, usimwambie nimekwambia. Mabli ameota jino la tano. Mimi nipo, kazi nyingi, na bado ninarusha mara moja moja hapa jirani ili leseni isife. Pole kwa kondoo.

Sasa na mimi nisikilize. Unaandika kana kwamba sisi hapa tunakaa mchana kutwa tukibuni namna ya kuwatesa. Mwaka juzi ndege mbili ziligongana katika bonde kama lenu, kila moja kwenye masafa yake, hakuna aliyemsikia mwenzake. Watu wawili. Nilitumwa kule. Niliokota kiatu, Shangazi, na nikakaa nacho mkononi nisijue nikiweke wapi. Kwa hiyo usiniambie mambo ya kunywa nini asubuhi.

Mnara ulichaguliwa kwa sababu nzuri. Unaonekana toka maili sita hata jua la asubuhi likiwa usoni, na mtu akiwa juu yake hawezi kuukosa uwanja. Tulitoa mwezi mzima wa Machi watu waseme. Wewe ulileta kurasa kumi na nne, na kurasa tatu za mwisho zilimhusu mama wa mkuu wangu.

Kanuni hii ni ya majaribio mpaka Novemba mosi. Zikija ripoti za hatari, itafutwa. Zisipokuja, itakuwa ya kudumu. Basi, ni rahisi hivyo. Jina la aliyechora siwezi kukupa. Ofisi haifanyi kazi kwa majina.

Msalimie Baba. Mwambie aende kwa daktari.

Ieuan


Hirfryn,
27 Mei 2018

Ieuan,

Tu wazima. Kuku wana paa jipya. Mvua imekataa kabisa, na nyasi za uwanjani zimeanza kuwa rangi ya biskuti. Umekua, naona. Sasa unanifokea. Vizuri.

Jumapili zote za mwezi huu zimekuwa nzuri, mawingu madogo meupe, hewa inapanda, kila mwenye mabawa ametoka. Nikuambie kanuni yako inavyofanya kazi. Jumapili iliyopita nilihesabu ndege kumi na moja kwa wakati mmoja juu ya mnara wa Llanerfan. Kumi na moja! Kabla ya Aprili ungeona mbili, nazo zimeachana kwa maili. Wote wamefuata sheria. Wote kidole kwenye kitufe, kichwa ndani, wanaita. Wawili wakiita pamoja redio inapiga mluzi, hakuna anayesikika, basi wanaita tena, na wengine wawili wanawakanyaga. Anayejibu kule shuleni amechoka mpaka anasema "rudia" kabla hujasema kitu.

Halafu ofisi yenu ikatuletea mkaguzi. Kijana msafi, viatu vipya, ubao wa karatasi kifuani. Akanifuata nikiwa bado nimeshika kamba.

"Mama, saa nane na dakika kumi hukuita mnarani."

"Niliita mara nne."

"Hakuna aliyekusikia."

"Basi kawakague hao wasiosikia."

Tudur yule tarishi wa posta, anayerusha kindege chepesi cha njano, akamuuliza, "Bwana mkubwa, mimi nikipita na baiskeli chini ya mnara niite pia?" Unajua kijana alifanya nini? Aliandika! Akamwandikia Tudur na onyo, eti dharau kwa afisa. Tangu siku hiyo hapa hakuna mtu anayetaka kuona karatasi yenye nembo yenu.

Mengine ni ya kawaida. Mwezi huu peke yake klabuni tumekula keki tisa, na suruali yangu ya kazi haifungi tena. Hata baba yako kaoka, mara ya kwanza tangu azaliwe. Iliungua chini na ilikuwa mbichi katikati, lakini tuliimaliza. Siku hizi harushi, goti. Antena ya ndege yangu ilivunjika, nimefunga nyingine.

Umuulize yule mpumbavu wa ramani kama anapenda keki.

Nesta


15 Juni 2018

Shangazi,

Hatujambo. Mabli anatembea.

Keki tisa. Umeitupa sentensi hiyo katikati ya suruali na mvua kana kwamba mimi ni mgeni. Nimekulia kwenye kibanda chenu cha chai. Najua kwamba Hirfryn mtu akimkosakosa mwenzake angani humwokea keki, wanaikata pamoja, watu wanacheka, na jambo halitajwi tena mpaka Kiyama. Nilipokuwa mdogo zilikuwa mbili kwa mwaka, nami nilikuwa nikiomba ziongezeke kwa sababu nilipenda zabibu kavu. Tisa kwa mwezi mmoja!

Unajua faili la bonde lenu hapa mezani kwangu lina ripoti ngapi? Sifuri. Mkuu wangu analionyesha kwenye mikutano. "Hirfryn, mfano wa kuigwa." Watu wanapiga makofi, nami nimekaa pale na barua yako mfukoni. Mnatutukana kwa kurasa kumi na nne, halafu kitu kimoja ambacho kingeifuta kanuni hii mnakioka, mnakikata vipande na kukila! Mna wazimu? Novemba haipo mbali.

Na Baba kamwokea nani? Nimempigia simu mara sita. Ananieleza habari za mvua, na mvua hakuna.

Ieuan


30 Julai 2018

Shangazi, wiki sita hujajibu. Hii si kawaida yako hata ukiwa na hasira. Nakuuliza tena. Baba kamwokea nani?

I.


Hirfryn,
2 Septemba 2018

Mwanangu Ieuan,

Salamu kwa Annest na mtoto. Baba yako hajambo kwa mwili.

Kaniokea mimi.

Alinishikisha Biblia ya mama yetu nisikuambie, na nimekaa na kiapo hicho tangu Mei. Leo nimekivunja, na nilimwambia mapema kuwa nitakivunja, naye hajaja kunywa chai siku tatu.

Ilikuwa Jumapili ya tarehe 13 Mei. Nilikuwa nimeachia glaida ya mgeni, nikawa narudi chini na kamba tupu. Nikaenda mnarani kama mlivyoamuru. Naita, mluzi. Naita tena, mluzi. Nikainama kuangalia kama nimeweka masafa sawasawa, maana ukiyakosea mkaguzi anakungoja. Baba yako naye alikuwa akija nyuma yangu kwa juu, anashuka, anaita, ananyamazishwa, anaita. Tulikuwa tunanyamazishana sisi wawili, Ieuan. Yule aliyekuwa akiupiga mluzi redioni kwangu alikuwa kaka yangu. Kikaja kivuli, chumba cha rubani kikawa giza mchana kweupe, nikasikia kitu kikikatika juu ya kichwa changu, mlio mdogo tu, kama kijiti. Nilipoinua macho nikaona tumbo la glaida yake jeupe karibu kiasi cha kusoma namba za kiwandani. Sehemu yake ya mkiani ilikuwa imeikata antena yangu. Angekuwa chini zaidi kwa urefu wa mkono wangu, leo ungekuwa unamwandikia nani?

Tulitua wote. Baba yako aliketi kwenye nyasi na goti lake bovu mpaka Tudur akamnyanyua. Glaida yake imo kwenye tela, na hajaifungua tangu siku hiyo. Anapita mbali na lile tela hata akienda kwa kuku.

Sasa nikuambie kwa nini aliniapisha. Ramani ilipofika mwezi Machi, aliitazama hapa jikoni muda mrefu, akaikunja, akasema, "Nesta, usimtukane sana mtu huyu." Mimi nikaendelea kutukana. Mwezi wa nane, nikiwa nimekosa cha kukujibu, nikasoma tena barua yako ya Aprili. "Unaonekana toka maili sita hata jua la asubuhi likiwa usoni." Nani huko kusini anajua hilo? Ule mnara ni mfupi, umezungukwa na miti, ukiwa barabarani huuoni, na kwenye ramani za kawaida haumo. Anaujua mtu aliyekaa kiti cha nyuma cha ndege yangu asubuhi akiwa na miaka kumi na minne, nikamwambia, "Ukifika mnarani, ita." Baba yako alikutambua siku ileile ya Machi, na hakutaka ujue kwamba ramani yako ilikaribia kutuua.

Nilikutukana miezi mitano, nawe ukanyamaza. Nina hasira nawe mpaka kalamu inatoboa karatasi. Ungesema! Ningekutukana kwa jina lako na tungelimaliza.

Lakini kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonichelewesha. Somo lile lilikuwa na sehemu mbili. Ukifika mnarani, ita, kisha geuka uondoke, usikae pale, kwa sababu na mwingine anakuja. Wewe umeichukua sehemu ya kwanza ukaifanya sheria. Nimejiuliza mwezi mzima kama ile ya pili niliwahi kuitamka. Kwetu hapa ni kitu ambacho kila mtu anakifanya bila kukisema. Nadhani sikukuambia.

Nesta


7 Septemba 2018

Shangazi,

Ni mimi. Niliichora mimi, kwa mkono wangu, na nilijivuna nilipoichora. Nilijiambia hawa wenzangu wanatumia madaraja na njia panda, mimi nitatumia kitu ambacho rubani halisi anakijua. Uliponiuliza jina nikajificha nyuma ya ofisi. Niliona haya, na kila barua yako ikanipa haya zaidi, mpaka ikawa nimechelewa.

Hukuniambia ile sehemu ya pili. Lakini nami sikuuliza.

Jana nimekwenda kwa mkuu wangu nikamwambia mnara ni wazo langu na ni wazo baya. Akaniuliza, "Takwimu zako ziko wapi?" Nikamwambia kuna watu wanakoswakoswa kule kila wiki. Akafungua faili, akanigeuzia. Sifuri. "Ieuan, mimi siwezi kufuta kanuni kwa sababu umeamka vibaya." Nilitoka nikaupiga mlango teke. Kidole gumba kimevimba.

Barua yako sijamwonyesha, wala sitamwonyesha. Kugongana angani na kukaa miezi minne bila kuripoti ni kosa, na wewe una miaka sitini na sita. Wakikuchukulia leseni hawatakurudishia. Sikuombi kitu, Shangazi. Sina uso wa kukuomba. Mwambie Baba nitakuja.

Ieuan


Hirfryn,
30 Septemba 2018

Ieuan,

Usije bado, na usinionee huruma, sijafa. Kidole ukiloweke kwenye maji ya chumvi.

Ndani ya boksi hili mna fomu yenu ya kurasa tisa, imejazwa na kusainiwa. Ni fomu ya kipuuzi kweli. Ukurasa wa sita inaniuliza kama "mgongano ulisababisha usumbufu wowote." Nimejibu ndiyo. Kitu kilichofungwa kwenye gazeti ni antena. Iweke mezani kwa mkuu wako, umwambie hiyo ndiyo takwimu.

Baba yako amesaini chini yangu. Niliipeleka nyumbani kwake kwa vile hakuwa akija. Akasema, "Ukipeleka hii hutavuta tena glaida hata moja."

Nikamwambia, "Najua kusoma, Gwilym."

"Na utafanya nini Jumapili?"

"Nitakuja kunywa chai yako, nikusomee gazeti."

Akacheka, mara ya kwanza tangu Mei, halafu akalia, akasema ni vitunguu. Hakukuwa na kitunguu nyumba nzima. Akaichukua kalamu.

Kisha nikapeleka rundo la fomu kwenye kibanda cha chai, nikaziweka mezani pale tunapokatia keki, na nikasema nimesaini yangu. Walinuna wote. Yule mkaguzi alitukaba koo vizuri, hakuna aliyetaka jina lake lifike kwenu. Tudur ndiye aliyesimama. "Mimi tayari nina onyo la baiskeli," akasema, "wataniongezea nini?" Wakafuata wengine, mmoja mmoja, wakinung'unika. Ziko zote humo. Keki tisa za Mei, fomu tisa.

Na wewe usithubutu kuiweka yangu kando eti kwa sababu mimi ni shangazi yako. Nikisikia hivyo nitakuja huko na kamba.

Nesta


9 Novemba 2018

Shikamoo Shangazi,

Annest na Mabli wanakusalimu. Mtoto sasa anasema "hapana" kwa kila kitu, na Annest anasema ni damu ya kwenu.

Fomu yako niliipeleka ya kwanza. Mkuu wangu aliishika antena, akaiweka chini polepole. Hakusema tena habari za mfano wa kuigwa. Kanuni imefutwa tangu tarehe mosi. Kila uwanja umerudi kwenye desturi yake, masafa ni yaleyale mamoja lakini hakuna tena pa kukusanyikia. Waraka wa kufuta niliuandika mimi, nikataka jina langu liwekwe chini. Wamenihamishia dawati la taa za viwanja, ambapo siwezi kumdhuru mtu.

Barua ya leseni yako imetoka idara nyingine. Nilisema niliyoweza, wakanitoa chumbani kwa kuwa sisi ni ndugu. Baba amepewa onyo, kwa kuwa glaida yake haikuwa na redio ya pili wala nini, sikuelewa hata mimi. Wewe wamekuchukulia. Umesema kweli, umewaokoa watu, na wao wamekuchukulia! Nimeisoma barua ile nikatamani kuila.

Nisamehe.

Ieuan


Hirfryn,
18 Novemba 2018

Mwanangu Ieuan,

Barua ya leseni imefika. Nimeiweka chini ya mguu wa meza jikoni, meza ilikuwa inayumba. Baba yako kalifungua tela.

Acha kuomba msamaha, unanichosha. Njoo Jumamosi na viatu vya tope. Leseni yako iko hai, ndege yangu iko hapa na ina viti viwili. Utakaa mbele wewe. Mimi nitakaa nyuma, pale ulipokuwa unakaa, na nitakutukana njia nzima.

Ukifika mnarani, ita. Kisha geuka uondoke.

Safari hii nimekuambia.

Nesta